Maji Hayaulizi Mwana wa Nani

Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, Bombambili hapa Songea, kitambaa kimefungwa shingoni na mashine inapita kisogoni, pale kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu aliponisogezea simu yake mbele ya macho. "Shikamoo mwalimu. Hebu mtazame huyu. Eti naye kaenda Olimpiki!"

Nikatazama. Kwenye kioo cha simu alikuwapo kijana mnene kidogo, kofia ya kuogelea kichwani, anamalizia kuvuka bwawa wakati wenzake wameshafika zamani na kushika ukuta. Chini ya picha watu walikuwa wameandika maneno ya kila namna, mengine ya kuchekesha, mengi ya kuumiza. Walishampa na jina: nyangumi. Kinyozi alizima mashine ili naye aone. Tukacheka wote, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wenzangu, kama anavyocheka mtu mzima anayetaka vijana wamwone bado yumo.

Yule kijana akasoma mstari mmoja zaidi. "Kumbe baba yake ndiye rais wa chama cha kuogelea cha kwao!"

Wenzangu wakaangua kicheko cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Changu kilikatikia kooni. Nilihisi baridi ya spiriti shingoni, na kinyozi alikuwa bado hajaipaka. Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo kwa miaka mingi hapa Songea, na katika miaka hiyo yupo mtoto mmoja niliyemfanya achekwe vivyo hivyo. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Nilimfanyia hivyo kwa kumpenda.

Nitayasimulia yote mawili. Nianze na la yule wa kwenye simu, kwa kuwa lake liliandikwa ukutani na saa, na dunia nzima ililiona.

Jina lake Robel Kiros Habte, Mwethiopia, miaka 24 wakati ule. Tarehe 9 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, alipanda jukwaa la kurukia katika mchujo wa mita 100 mtindo huru kwa wanaume. Bwawa la Olimpiki lina urefu wa mita 50, kwa hiyo mbio hizo ni kwenda mara moja na kurudi mara moja. Mtindo huru maana yake kila mmoja achague namna yake ya kuogelea, lakini wote huchagua ileile ya kulala kifudifudi na kuyakata maji mkono baada ya mkono, kwa sababu hakuna iliyo na kasi kuishinda. Mwisho wa njia, ukutani, kipo kibao kinachohisi mguso wa kiganja na kusimamisha saa chenyewe. Hapo hakuna jopo la kutoa alama. Mkono ukigusa, neno limekwisha.

Saa ya Robel ilisimama kwenye dakika 1 na sekunde 4.95. Walioogelea mchujo ule hadi mwisho walikuwa 59, na yeye alikuwa wa 59. Kesho yake usiku Kyle Chalmers, kijana wa miaka 18 kutoka Australia, alichukua dhahabu ya mbio hizohizo kwa sekunde 47.58. Piga hesabu: kwa mwendo wa wastani wa kila mmoja, Chalmers angegusa ukuta wa mwisho huku Robel akiwa bado anadaiwa mita 27, zaidi ya nusu ya bwawa.

Maji ni mazito kuliko hewa takribani mara 800. Ukiongeza kasi yako maradufu ndani yake, yanakukinza kama mara nne. Mkimbiaji ambaye hakujiandaa anaweza kujificha katikati ya kundi kwa mzunguko mmoja, akaazima moyo kwa wenzake. Mwogeleaji yuko peke yake kati ya kamba mbili, na kila kilo ya ziada, kila mkono uliotua vibaya, kila asubuhi aliyolala badala ya kwenda mazoezini, maji yanaitoza papo hapo.

Sisi wa Songea neno maji tunalijua kwa uzito mwingine. Wazee wetu waliopigana vita vya Majimaji mwaka 1905 waliambiwa kwamba maji yatazigeuza risasi za Mjerumani. Ushujaa wao ulikuwa wa kweli, na kumbukumbu ya walionyongwa tarehe 27 Februari 1906 tunayo hapahapa mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Sitaki kuilinganisha damu yao na mchezo. Nataka kukumbusha jambo moja tu ambalo mji huu ulilijua mapema: ahadi hupimwa mwilini mwa yule aliyeahidiwa. Anayeitamka anaweza kuitamka akiwa amekaa, lakini anayeingia nayo uwanjani ndiye atakayejua kama inazuia risasi.

Wale waliokuwa ukumbini Rio walimpigia Robel makofi alipomaliza. Watu waliolipa kiingilio kuona michezo huwa na adabu kwa mtu anayehangaika mbele yao. Kejeli zilitoka nje, kwenye simu, na nyumbani kwao Ethiopia zilitoka zikiwa na hasira. Hasira hiyo ilikuwa na sababu zake. Baba yake, Kiros Habte, ndiye aliyekuwa akiongoza chama cha kuogelea cha nchi. Na siku nne kabla ya mbio, tarehe 5 Agosti, wakati timu ya Ethiopia ilipoingia uwanja wa Maracanã kwenye ufunguzi, aliyeibeba bendera mbele ya wote alikuwa kijana huyohuyo.

Hebu ifikirie Ethiopia. Nchi ya wakimbiaji Abebe Bikila na Haile Gebrselassie, ambako kupata nafasi tatu za mbio za mita 10,000 ni sawa na kupigana vita, kwa sababu unaoshindana nao nyumbani ndio haohao utakaowakuta kwenye fainali ya dunia. Siku tatu baada ya Robel kuogelea, Almaz Ayana alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 17.45, akaivunja rekodi ya dunia iliyokuwa imekaa tangu 1993. Hao ndio waliopita kwenye tundu la sindano. Na mwaka ule nchi yenyewe ilikuwa haijatulia. Siku ya mwisho ya michezo, Feyisa Lilesa alimaliza marathoni akiwa wa pili huku ameikunja mikono juu ya kichwa, ishara ya waandamanaji wa Oromo waliokuwa wakilalamika kwamba nchi ni ya wachache. Watu wenye kilio cha namna hiyo wakiona mwana wa mkubwa amebeba bendera kisha amekuwa wa mwisho, hawasubiri maelezo. Hasira ilikuwa hewani inatafuta pa kutua, ikatua juu ya mabega ya mwogeleaji mmoja aliyelowa maji.

Hapa inabidi nitende haki. Kanuni za kuogelea duniani zina mlango uliowekwa makusudi kwa nchi changa: nchi isiyo na mwogeleaji aliyefikia muda wa kufuzu huruhusiwa kupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwa mwaliko. Mlango huo ni wa halali, na sisi wenyewe tunaupita. Kwenye Rio ileile Tanzania iliwakilishwa majini na Hilal Hilal na Magdalena Moshi, na Paris 2024 tulikuwa na Collins Saliboko katika mita 100 mtindo huru na Sophia Latiff katika mita 50. Bila mlango huo bwawa la Olimpiki lingebaki la nchi chache zenye mabwawa, na mtoto wa Mbamba Bay anayeogelea Ziwa Nyasa tangu hajajua kusoma asingeota kitu. Kwa hiyo sisemi Robel alipita dirishani. Tuhuma ni tuhuma.

Lakini ona jambo hili. Kilichosimama kwenye mlango huo kikichagua nani apite, kwa nchi nzima ya watu karibu milioni mia, kilikuwa chama ambacho mkuu wake ni baba wa aliyepita. Hata kama Robel alikuwa ndiye mwepesi kuliko wote nchini kwao, nani angeamini? Baba angeweza kula kiapo, angeweza kuleta daftari la muda wa kila mwogeleaji, na bado watu wangesema daftari liliandikwa jikoni. Kosa linaanzia hapo, kabla hata ya kuuliza kama kuna hila iliyofanyika. Mwenye kugawa akikaa na wa kwake kwenye foleni moja, haki yenyewe hupoteza ushahidi.

Wapo watakaosema: walimcheka kwa kuwa alikuwa wa mwisho na kwa kuwa alikuwa mnene, basi. Ningekubali, kama si habari ya mtu mwingine aliyeogelea mbio hizohizo miaka 16 kabla yake.

Mwaka 2000, tarehe 19 Septemba, mjini Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliingia kwenye mchujo wa mita 100 mtindo huru kwa mlango uleule wa mwaliko. Kundi lao lilikuwa la watu watatu. Wawili wakaruka kabla ya ishara, wakatolewa. Akabaki peke yake katika bwawa zima. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla, akijinoa kwenye kijibwawa cha hoteli mjini Malabo, na bwawa la mita 50 alikuwa hajawahi kuliona hadi alipofika Australia. Mita za mwisho mikono ilikuwa inapiga maji bila kusogea, watu wakadhani atazama. Maelfu waliokuwa ukumbini wakasimama na kumsukuma kwa kelele hadi akagusa ukuta. Muda wake: dakika 1 na sekunde 52.72.

Sasa weka mizani. Robel alikuwa na kasi kumzidi Moussambani kwa sekunde 47.77. Katika mwanya huo tu, Chalmers angeogelea mbio zake zote za dhahabu na angebaki na muda wa kufumba jicho. Kwa saa, basi, Robel ndiye mwogeleaji na Moussambani ndiye mwanafunzi. Lakini Moussambani alishangiliwa kama shujaa, akaendelea kujinoa, na baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Robel alirudi na jina la nyangumi.

Umbo la mwili lilichangia, na kumcheka mtu kwa umbo lake ni ushamba ambao mimi pia niliufanya kwenye kiti cha kinyozi. Ila kilichofanya kicheko kiwe kikubwa vile ni ule mstari wa pili aliousoma yule kijana. Watu walipomtazama Moussambani waliona mtu asiye na kitu, na kila hatua ya maji ilikuwa yake. Walipomtazama Robel waliona mkono wa baba mgongoni. Jasho lake lote, na hakuna anayemaliza mita 100 bila jasho, lilihesabiwa kwa jina la mtu mwingine.

Sasa la kwangu.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari ya mji huu. Mpwa wangu alikuwa kidato cha tatu hapohapo. Alikuwa mrefu, miguu ya korongo, na kipaji chake kilikuwa kuruka juu. Jioni baada ya vipindi alikuwa akiruka kamba waliyoifunga wenzake kati ya miti miwili ya mikaratusi, na kila walipoipandisha alicheka kwanza, akarudi nyuma, akaruka. Lakini mwaka ule nafasi ya kuruka juu ilikuwa tayari na mwenyewe, mvulana wa kidato cha nne ambaye kila mtu alimjua. Nafasi za timu ya mkoa zilizokuwa wazi kwa shule yetu zilikuwa mbili za mita 800.

Jioni moja dada yangu alikuja nyumbani kutoka Lizaboni alikokuwa akiuza vitumbua. Hakukaa sana. Alisema, "Kaka, hiyo kalamu iko mikononi mwako. Mtoto wa kwenu atabaki nyumbani wakati kalamu unayo wewe?" Aliyechaguliwa timu ya mkoa alipata raba, suti ya michezo, na safari ya kwenda kwenye mashindano ya kanda. Kwa mama aliyekuwa akihesabu sarafu za vitumbua, hivyo havikuwa vitu vidogo.

Siku ya mchujo mpwa wangu alikuwa wa tano. Wa kwanza hakuwa na mjadala. Wa pili alikuwa kijana mmoja mfupi, mkimya, ambaye kabla ya kengele ya asubuhi alikuwa akipeleka maziwa Msamala kwa miguu, pamoja na nyumbani kwangu. Nilikaa na kalamu yangu usiku. Niliandika kwamba mpwa wangu alikuwa ametoka kuugua homa siku ya mchujo, na kwamba kwa kuzingatia rekodi za mazoezi yeye ndiye anayestahili nafasi ya pili. Homa ilikuwa ya kweli, isipokuwa ilikuwa ya mwezi uliopita. Rekodi za mazoezi nilizitunza mimi mwenyewe. Mkuu wa shule alisaini bila kuuliza, maana aliniamini.

Kesho yake asubuhi yule kijana alileta maziwa kama kawaida. "Shikamoo mwalimu." Akamimina kwenye sufuria, akafuta mdomo wa chupa kwa kidole, akaondoka. Hakuja tena mazoezini hadi alipomaliza shule. Hakunilalamikia hata siku moja, na mpaka leo naona hilo ndilo lililokuwa lalamiko lake.

Tukapanda basi, tukapita Njombe, tukafika. Kwenye mashindano ya kanda mpwa wangu alitoka mbio na wa mbele, kama wafanyavyo vijana wanaotaka kuonekana, akashikilia mzunguko mmoja. Mwanzo wa wa pili miguu ikamgomea. Wakampita mmoja mmoja. Alipobakiwa na mita 200 wenzake walikuwa wameshamaliza, wameshika viuno wanahema, na mpima muda alishaanza kukunja utepe. Akawa anakimbia peke yake uwanja mzima, mwenye umri wa miaka 16, macho yote juu yake.

Ndipo benchi letu wenyewe, la Ruvuma, likaanza kuimba. Hawakuimba jina lake. Walipiga makofi na kuita: "Mjomba! Mjomba! Mjomba!"

Kumbe wote walikuwa wanajua. Niliyedhani nimeficha jambo nilikuwa mimi peke yangu.

Usiku tukirudi, baridi ya Njombe inaingia kupitia dirisha lililokataa kufunga, nilimpa koti langu. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mapajani bila kulivaa. Baada ya muda mrefu akasema, "Mjomba, ungeniacha."

Hakuongeza kitu. Nami sikuwa na la kujibu, kwa sababu alikuwa ameusema ukweli wote. Ningemwacha angekuwa wa tano wa shule, na wa tano wa shule si aibu. Angerudi kwenye kamba yake kati ya mikaratusi, na mwaka uliofuata yule wa kidato cha nne angekuwa ameondoka na nafasi ya kuruka juu ingekuwa yake kwa miguu yake. Badala yake aliacha michezo kabisa. Kamba wakaifungua. Na jina likamfuata: Wa Mjomba. Alipofaulu kidato cha nne kwa daraja la pili, matokeo aliyoyasomea kwa taa ya chemli na ambayo mimi sikuyatia mkono hata wa sentensi moja, wenzake walisema, "Ah, si mjomba wake kamfanyia." Kalamu yangu ilikuwa imechafua hata kurasa ambazo sikuziandika.

Ndugu msomaji, watu wengi wakikemea upendeleo humwonea huruma aliyenyang'anywa, na ni haki. Yule kijana wa maziwa nilimdhulumu, na dhambi hiyo naibeba. Lakini hilo la pili huwa halisemwi: anayepewa naye ananyang'anywa. Anapoteza haki ya kushindwa kwa kiasi chake, na anapoteza haki ya kushinda kwa jina lake. Unamwinua hadi mahali ambapo saa, au maji, au mtihani, au mgonjwa aliyelala kitandani, atamdai kitu ambacho hukumpa. Wewe mpendeleaji hutakuwapo hapo. Utakuwa umekaa benchi.

Na hili haliishii Olimpiki wala kwenye riadha za shule. Mwenyekiti wa mtaa anayeandika orodha ya mbolea ya ruzuku na jina la shemeji yake likatangulia. Mweka hazina wa VICOBA anayemkopesha kwanza mwanawe. Mwalimu wa kwaya anayempa binti yake sauti ya kuongoza. Bosi wa ofisi ambaye kijana wa kaka yake anaajiriwa siku ambayo tangazo bado halijakauka gundi ukutani. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ina jina kwa hali hii, mgongano wa maslahi, na inamtaka kiongozi autangaze. Lakini kwa mkubwa na mdogo dawa yake ni nyepesi kuitaja na nzito kuimeza. Wa kwako akiingia kwenye foleni, wewe toka mezani. Kalamu mpe mwingine, na mwingine huyo asiwe wa kukuogopa. Muda upimwe mbele ya watu. Orodha ibandikwe pale ambapo hata muuza maziwa atapita na kuisoma. Mtoto wako akistahili, atachaguliwa na mkono usio wako, na hapo hakuna atakayemvua ushindi wake. Asipostahili, utakuwa umemwokoa.

Najua jibu lako, kwa sababu lilikuwa langu: damu nzito kuliko maji. Ni kweli. Ila kwenye maji damu nzito ndiyo inayozamisha.

Mwaka 2023 nilikuwa nimestaafu miaka mingi. Shule moja hapa mjini iliniita siku ya mchujo wa riadha, niwe mgeni, na kwa heshima ya uzee wakanipa saa niwapimie wasichana muda wa mita 400. Nikaikubali saa, nikaivaa shingoni. Wasichana walipojipanga nikamwona kwenye mstari wa tatu mtoto mwenye miguu ya korongo. Ni binti wa mpwa wangu. Baba yake alikuwa amesimama upande wa pili wa uwanja, kwenye kivuli, na sasa ana mvi kidogo. Tulitazamana.

Nikaivua saa. Nikamwita mwalimu wa kike aliyekuwa jirani, mgeni wa mji, aliyehamia hata mwaka hajamaliza, nikamkabidhi. Akashangaa: "Mzee, kwani kuna nini?" Nikamwambia macho yangu yamezeeka. Nikaenda kukaa mbali.

Waliokuwa wakichukuliwa ni watatu. Mtoto alikuwa wa nne. Alipigwa kifua tu na wa tatu, tofauti ndogo kiasi kwamba waliokuwa jirani yangu walianza kubishana, mmoja akasema kwamba mzee angebaki na ile saa huenda tungeona jingine. Mtoto akaketi kwenye nyasi, akaficha uso magotini, akalia.

Nilinyanyuka nimwendee. Baba yake alikuwa ameshafika, akanishika mkono.

"Mwache alie, mjomba," alisema. "Wa nne wake ni wa kwake. Hapo hakuna atakayemwita Wa Babu."